Kidole cha Kaltumi

Shamirah alipoacha kucheka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kujua, kwa sababu kicheko chake kilikuwa kikinikera kila siku ya Mungu. Mtoto wa miaka sita anacheka tangu asubuhi, anachekea kuku, anachekea cherehani yangu, anawachekea wateja waliokuja kupunguza gauni wala hawakuja kuchekwa. Kisha ghafla kimya. Akawa anapita barazani kwangu kwenda shule, mdomo kaubana, ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Nikajua kuna jambo, maana mtoto yule hata akipigwa alikuwa anamaliza kulia kwa kucheka.

Tulikaa Mengo, mjini Kampala, upande wa chini, vyumba vinne vilivyotazamana na bomba moja la maji. Mimi ni Joska. Kwa kabila ni Mwacholi, lakini nimezaliwa katika kambi ya polisi ya Naguru, na kambini tulilelewa kwa Kiswahili na viboko, ndiyo maana ulimi wangu hauna breki. Kiswahili hicho ndicho kilichonipa urafiki na jirani wa mlango wa pili, bibi yake Shamirah, ambaye ndiye ninayemsimulia hapa. Jina lake Kaltumi binti Abudu.

Kaltumi alikuwa Mnubi, wa wale ambao mababu zao waliletwa kutoka Sudani wakiwa askari wa Waingereza. Asubuhi aliuza chai na gurusa, mikate yao ya kumimina kwenye kikaango, na jioni alisuka vifuniko vya ukili vya rangi za kuumiza macho. Lakini hakuna aliyemjua kwa gurusa wala kwa ukili. Kuanzia Kisenyi hadi Ndeeba alijulikana kwa meno.

Niliseme wazi jambo lenyewe. Mtoto mchanga akishikwa na homa na kuhara, kwetu wapo wengi wanaoamini kwamba ndani ya fizi zake yameota meno ya uongo. Waganda huyaita ebinyo. Inasemekana ni meno laini, meupe, yaliyojificha, na kwamba yanamla mtoto taratibu mpaka afe, na dawa ya hospitali hayaisikii. Dawa yake ni kuyachimba. Kaltumi aliyachimba kwa spoki ya baiskeli aliyoinoa mwenyewe na kuichemsha kwenye birika ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuligusa. Mlango hufungwa, kwa sababu jicho la mtu likiingia, damu haikomi. Kwanza hupaka chumvi, kisha kidole hutafuta mahali, kisha chuma. Akina mama walimletea sabuni na sukari, maana mkono mtupu haulambwi, nao waliondoka wakimbusu mikono.

Mimi nilimwambia machoni pake, tena si mara moja, kwamba ule ni upuuzi. Alinisikiliza kwa upole wa kuudhi, kisha akanijibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mimi sikujaliwa mtoto. Jibu hilo lilinifunga mdomo kila mara, naye alilijua.

Lakini alikuwa na sababu, na hiyo siwezi kuisimulia kwa dhihaka. Mwaka wa sabini na tisa, serikali ilipoanguka, Wanubi, waliohesabiwa kuwa watu wake, walikimbilia kaskazini. Kaltumi alikuwa na watoto wawili wadogo, na wote wawili walikufa kwa homa njiani, kabla ya mpaka. Katika kambi ya wakimbizi kule Sudani, mwanamke mmoja mzee alimwambia kwamba waliuawa na meno. Kwa hiyo alipomzaa Hamim na Hamim naye akapandwa na homa, hakungoja. Mikono ya yule mzee ilikuwa inatetemeka, basi akaielekeza mikono ya Kaltumi, na Kaltumi akamchimba mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Daktari wa kambi pia alimpa vidonge, lakini vidonge havina hadithi. Hamim akapona. Mama aliyezika wawili na kubakiziwa mmoja humwambii kitu. Vita vya themanini na sita vilipokwisha walirudi Kampala, na Kaltumi alirudi na kazi yake mkononi.

Hamim alikua, akawa dereva wa lori la Juba, baba wa Shamirah. Mke wake aliolewa kwingine, Arua, akamwacha mtoto kwa bibi. Ni mwanamume mzuri wa sura, lakini hutamwona akicheka kwa kufumbua mdomo. Safu yake ya chini ina mapengo mawili ambayo hayajawahi kuota kitu.

Basi nilimvizia Shamirah siku aliyokuja kupimwa sketi ya shule. Futi ikiwa kiunoni mwake, nilimtekenya ubavuni. Akacheka, akauziba mdomo kwa mikono miwili, na hapohapo machozi yakamtoka. Nikaingiwa na hofu. Nilimketisha nyuma ya cherehani nikamwambia afumbue mdomo, la sivyo namwita bibi yake. Alifumbua haraka sana.

Jino la chini la mbele, la utoto, lilikuwa mahali pake. Nyuma yake, upande wa ulimi, lilikuwa limechomoza jingine, pana kuliko la kwanza, lenye makali yaliyokatikakatika mithili ya msumeno.

“Usiambie Haboba,” alinong’ona. Ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi. “Atanichimba.”

Aliyajua aliyoyasema. Tangu alipoweza kubeba kitu bila kukiangusha, ni yeye aliyemshikia bibi yake bakuli watoto wa watu walipokuwa wakichimbwa. Alikuwa ameona kila kitu kwa karibu, na kila kitu alikuwa amekielewa kwa akili ya mtoto: kwamba jino likijificha nyuma, Haboba huliendea kwa chuma.

Nilimwambia kwamba hilo ni jino lake la ukubwani, limekuja kabla mwenye nyumba hajahama, basi. Nami lilinitokea hivyohivyo kule Naguru. Baba yangu aliniamuru nilisukume la utoto kwa ulimi, kushoto kulia, kushoto kulia, kama niko paredi, mpaka likang’okea kwenye muwa, nikalitupa juu ya bati. Nikamwonyesha meno yangu yalivyokaa sawa. Aliyachunguza kwa makini kama anayenunua mbuzi. Nikamwapia kwamba sitasema, na kwa siku chache nikawa namwona akipita na shavu linachezacheza, ulimi ukiwa kazini.

Kisha mvua zikaja, na mbu, na Shamirah akarudi kutoka shule anatetemeka. Nilikuwa nashona, nikasikia Kaltumi akimbembeleza anywe dawa ya homa na mtoto akikataa kufumbua mdomo. Alimbembeleza, akamfokea, mwishowe nadhani akamziba pua. Nikasikia kikombe kikianguka.

Alivuka ua bila viatu. Nilikuwa nimemjua mwanamke yule miaka mingi, nimemwona ana hasira, nimemwona ana njaa. Sikuwa nimewahi kumwona akiogopa.

“Joska, imerudi,” alisema. “Ile meno. Nilimchimba angali mchanga, nikabakiza mizizi. Sasa imeota nyuma ya ingine.”

Nilimweleza yote niliyomweleza mtoto. Nikamwambia jino ni jambo moja na homa ni jambo jingine, kwamba huu ni msimu wa malaria, kwamba kliniki iko hapo juu tu, tumbebe twende.

“Hata wale wawili, watu walisema ni malaria,” alinijibu, akarudi chumbani kwake kuwasha jiko.

Nilimpigia simu Hamim. Haipatikani, alikuwa huko Atiak au Nimule, kwenye barabara ya Juba, mahali ambapo lori hupita lakini mtandao wa simu haufiki. Nikafikiria kumwendea mwenyekiti wa mtaa, nikakumbuka kwamba mwenyekiti mwenyewe aliwaleta pacha wake kwa Kaltumi na hadi leo huwatuma kumwamkia. Polisi? Mimi ni mtoto wa polisi, najua wangefika lini. Na mimi si ndugu. Kwa sheria za ua wetu, mtoto ni wa bibi yake, na jirani kazi yake ni kukopesha chumvi.

Mvua ilianza kupiga bati. Birika lilikuwa linachemka, nalisikia. Kisha Kaltumi akaniita.

“Kuja ushike bakuli,” alisema akiwa mlangoni. “Mwenye kushika ni yeye, na leo ni mgonjwa.”

Niliingia. Nataka ieleweke kwa nini niliingia. Nilikuwa nimekata shauri kwamba chuma kikielekea mdomoni mwa mtoto, bakuli lile la bati litampata bibi kichwani, na Mengo nzima initangaze kwamba nimempiga mzee. Liwalo na liwe. Akafunga komeo nyuma yangu.

Shamirah alikuwa amekwisha kulala kwenye mkeka. Hilo ndilo lililonikata maini. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alikuwa amejilaza mwenyewe namna bibi yake anavyowalaza watoto, kichwa juu ya mto, mikono ameilalia chini ya mapaja ili isije ikamshika mtu. Macho yake yalikuwa yameniganda mimi. Alikuwa anawaka moto, joto lake ulilisikia hata bila kumgusa.

Kaltumi aliketi, akakivuta kichwa kwenye mapaja yake, akasema bismillahi. Spoki aliilaza juu ya kitambaa, karibu na goti. Mvua ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata ningepiga ukelele nisingesikika mlango wa tatu. Alichovya kidole kwenye chumvi. Shamirah akafumbua mdomo kabla hajaambiwa.

Kidole kikaingia. Niliinua bakuli hadi kifuani.

Niseme kitu kuhusu kidole kile. Kwa miaka ishirini na zaidi kilikuwa kimepita kwenye fizi za watoto, gizani, bila kuhitaji macho. Kaltumi alikuwa akitazama ukutani alipokuwa akitafuta; ndiyo desturi yake, kidole kinaona vizuri zaidi jicho likikipa nafasi. Kikatafuta nyuma ya jino la mbele. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaja tena polepole, kikapita juu ya ile ncha ya msumeno, kikapita tena. Nilimwona akikunja uso, kama mtu aliyetia mkono kwenye gunia la mchele akakuta jiwe.

“Ngumu,” alisema.

Mikono yangu ilikuwa imeshikilia bakuli hadi vidole vikauma.

“Washa tochi ya simu.”

Niliwasha. Akainama, akatazama kwa macho, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. Akaligusa jino la mbele, nalo likayumba. Akalisukuma mbele, likainama, akaliachia, likarudi. Shamirah, kidole cha bibi kikiwa bado mdomoni, akajitahidi kusaidia. Alilisukuma jino la utoto kwa ulimi, kushoto kulia, namna nilivyomfundisha, ili bibi aone kwamba kazi inafanyika.

Kaltumi alinitazama. “Ulijua?”

“Nilijua, Mama Hamim.”

Akamgeukia mtoto. Alimuuliza kwa sauti ndogo kabisa kwa nini alimwambia jirani na hakumwambia yeye.

“Nilikuogopa, Haboba,” alisema Shamirah.

Mvua ikaendelea kunyesha. Kaltumi alitoa kidole chake, akakitazama kama si chake. Spoki bado ilikuwa palepale karibu na goti, na mimi sikujua anafikiria nini. Kisha akasema, si kwangu, wala si kwa mtoto.

“Ile natoa kwa watoto ni laini. Unabonyeza, inatoa maji. Kama punje ya mahindi ingali na maziwa.” Akakisugua kidole kwa gumba. “Joska, mahindi yenye maziwa, ukiiacha shambani, inakuwa nini?”

Nilikuwa nimeungoja ushindi huo miaka yote. Nilikuwa na maneno yake tayari, makali, nimeyanoa kama alivyoinoa spoki yake. Lakini nilipomtazama uso, nikayaacha.

“Inakuwa mahindi, Mama Hamim.”

Aliichukua spoki. Nikashtuka. Akaitia ndani ya bakuli nililolishika, ikalia juu ya bati, akanisukumia bakuli na vyote vilivyomo.

Homa haikungoja tumalize mawazo yetu. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa lesu ya bibi yake, nikafungua komeo, tukapanda boda kwenye mvua, watatu nyuma ya kijana mmoja aliyekuwa akilalamika njia nzima. Kliniki walimtoboa kidole wakakuta malaria, imepanda. Walimtundikia dripu. Nesi alipomwambia afumbue mdomo apimwe joto, aliliona jino, akasema liacheni, la mbele litatoka lenyewe, na la nyuma ulimi utalisogeza. Alisema hivyo huku akiandika, kama anayetaja hali ya hewa. Kaltumi alikuwa amekaa kando ya kitanda, mikono ameificha ndani ya nguo yake, na usiku ule hakumgusa mtoto mpaka Shamirah mwenyewe alipoutafuta mkono wake usingizini.

Hamim alirudi kutoka Juba siku Shamirah alipoanza kuomba chakula. Mama yake hakumwambia kitu ila kwamba mtoto aliugua na amepona. Nami nilinyamaza, jambo ambalo watu wanaonijua hawataliamini. Birika lilikuwa limeondoka kwenye rafu.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa uani. Hamim anakunywa chai, Shamirah yuko mlangoni na blanketi, mimi nanyoosha kitambaa kwa pasi. Akaingia Benedicte, Mkongo wa Bukavu anayeuza vitenge kule Kisenyi, mwanawe Gradi yuko mgongoni. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinalegea upande, na macho yamezama. Alikuwa ameleta sabuni, mche mzima, ameushika kwa mikono miwili kwa heshima.

“Mama Kaltumi, mutoto iko na homa. Hanyonyi. Nisaidie, ni meno.”

Kaltumi alimwambia kwamba ameacha kazi ile, ampeleke hospitali sasa hivi.

Benedicte alidhani hajasikia vizuri. Akasogeza sabuni. Kaltumi akarudia. Ndipo uso wa mwanamke yule ukabadilika, na simlaumu, maana katika mji huu Mkongo amekataliwa vitu vingi kwa maneno ya upole.

“Wote uliwasaidia,” alisema. “Mimi unanikatalia juu niko Mkongo? Hospitali haioni hii meno, wewe mwenyewe ulisema. Basi naenda Ndeeba, kuko mwingine.”

Akageuka. Mtoto mgongoni hakulia hata mama yake alipomtikisa kwa hatua zake. Ndio ulionitisha, ule ukimya. Niliangusha pasi nikataka kumzuia langoni, lakini Kaltumi aliniwahi kwa sauti.

“Hamim. Kuja hapa. Fumbua mdomo.”

Hamim aliweka kikombe chini. Alimtazama mama yake, akamtazama mwanamke mgeni, akanitazama mimi. Ni mtu mzima mwenye ndevu, anayeheshimiwa na makuli wa Juba, na maisha yake yote ameyapitisha akificha mdomo ule.

“Mama,” alisema, akimwomba.

“Fumbua, mwanangu.”

Mama ni mama. Alipiga magoti kwa sababu ni mrefu, akafumbua. Benedicte alikuwa amesimama langoni. Kaltumi akakitia kile kidole chake kwenye pengo la kulia, akakiacha hapo.

“Hapa kulikuwa na jino,” alimwambia Benedicte. “Mungu aliiweka. Mimi nikaichimba na mkono yangu hii, nikidhani ni mdudu. Wa kwanza kuchimba ni huyu.”

“Lakini alipona,” alisema Benedicte.

“Siku ile alimeza vidonge pia. Mimi nikakumbuka chuma, nikasahau vidonge.”

Benedicte alikisogeza kichwa cha Gradi begani. Kila mama aliyewahi kuja pale alikuwa amesimuliwa habari za wale watoto wawili wa njiani. Zilikuwa ndizo ushahidi wa Kaltumi. Aliuliza polepole, bila ubaya.

“Na wale wako wawili?”

Kaltumi alitoa kidole mdomoni mwa mwanawe, akakifuta kwenye nguo.

“Wale hawakupata vidonge,” alisema.

Kisha akamfungua Gradi kutoka mgongoni mwa mama yake, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, akatoka langoni na ndara zake, akishika njia ya kliniki kwa haraka ambayo sikujua anayo. Benedicte alimkimbilia nyuma, sabuni bado iko mkononi.

Hamim alibaki amepiga magoti katikati ya ua, mdomo wazi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aufunge. Nilimwambia afunge, nzi wataingia. Alifunga. Lakini nilimwona shavu likitembea, ulimi wake ukilitafuta pengo la upande huu, kisha la upande ule.